Bi Makofi Akalia Mikono Yake

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na mhuri juu yake, kwamba mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na nane, goti la kulia linalotabiri mvua na uzito ambao hapendi kuulizwa, baada ya kulea watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili, amethibitishwa rasmi na mamlaka husika kuwa anaweza kumtazama mtoto. Kabla ya hapo alikuwa akiwatazama bila kibali.

Cheti kipo. Kina nembo tatu na sahihi mbili, moja ikiwa ya bwana mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Lakini cheti ni mwisho wa habari, na habari huanzia mwanzo, hata kama wakubwa wa ofisini hupenda kuanzia kwenye picha ya pamoja.

Mwanamke huyo anaitwa Bi Makofi. Mzazi mgeni akilisikia jina hilo humkumbatia mwanawe na kuanza kurudi kinyumenyume, mpaka aelezwe. Kofi hajawahi kumpiga mtoto. Jina limetokana na makofi mawili, pa-pa, anayoyapiga kila anapotaka watoto wanyamaze, wale, walale, au wateme walichokiokota. Huyapiga huku mguu wa kushoto ukishuka sakafuni kwa kishindo, kwa kuwa wa kulia una lile goti. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara huyatumia makofi hayo kama saa: akiyasikia ya saa sita, huweka mkasi chini na kwenda kunawa.

Kituo chenyewe ni sebule yake. Ukuta uliokuwa kati ya sebule na chumba cha pili ulibomolewa mwaka aliofiwa na mumewe, kwa hoja kwamba mtu mmoja hahitaji vyumba viwili na watoto kumi na wawili hawawezi kulala kimoja. Sakafu ni ya mbao za zamani, zinazodunda kama tumbo la debe. Magodoro madogo yamesimama ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Ukumbini poti za watoto kujisaidia zimepangwa mstari mmoja, kila moja na alama yake: samaki, nyota, gari, kikombe. Mlangoni kuna geti dogo lililotengenezwa kwa ubavu wa kitanda cha mtoto ambaye sasa ni askari. Nyumba inanukia sabuni, maziwa, na kitu cha tatu ambacho kila mlezi anakijua na hakitaji.

Kati ya watoto hao kumi na wawili, wa kujua ni wawili tu. Wengine wanapiga kelele.

Wa kwanza ni Mwenyekiti, mvulana wa miaka minne na ushei. Hakupigiwa kura, lakini ndiye anayeamua nani akae wapi, nani alianza kuchokoza, na nani analia bila sababu ya msingi. Wa pili ni Hakimu, mjukuu wa Bi Makofi mwenyewe, msichana wa miaka miwili na miezi tisa. Hukaa ameingiza kidevu shingoni, akimkazia macho kila anayesema, uso mzima, mdomo wake hasa, kama anayesikiliza ushahidi wa uongo. Yeye mwenyewe hasemi. Ana neno moja, "ba", na linamtosha kwa maji, mpira, bibi na kukataa.

Sababu za ukimya wake zilikuwa nyingi, na ukoo ulizigawana kwa amani. Mama yake, bintiye Bi Makofi, ambaye kazi yake ni kupokea simu za wateja kutwa nzima na vidude masikioni, alisema mtoto ana adabu. Bibi wa upande wa pili alisema hata baba yake alinyamaza mpaka miaka mitatu, na sasa wanamwomba anyamaze tena. Bi Makofi, aliyeulizwa kama mtaalamu, alitoa kauli ya mwisho: "Watoto wa hivi nimewalea wengi. Siku akifungua mdomo, mtatafuta kifuniko."

Kauli hiyo ilifunga mjadala kwa mwaka mzima.

Kisha ikaja barua. Ilisema kuanzia sasa kila nyumba inayolea watoto lazima iwe na mlezi aliyefundishwa kufanya uchunguzi wa awali wa ukuaji, na asiye na cheti atafungiwa. Bi Makofi aliisoma mara mbili, akamkabidhi mtoto mmoja aliyekuwa akiitamani, naye akaitafuna pembe.

"Nimelea askari, nesi, na kinyozi," alimwambia fundi cherehani. "Leo nikafundishwe mtoto anakaaje?"

"Nenda tu," alisema fundi. "Chai wanatoa."

Chai ilitolewa kweli, pamoja na biskuti mbili kwa kila kichwa. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na moja inayofikiria, na bango kubwa lenye picha ya mtoto anayecheka, chini yake ile methali ya mtoto umleavyo, ambayo haijawahi kukosekana kwenye bango lolote lenye mtoto. Walezi walikuwa thelathini na mmoja. Wote walikaa nyuma, mpaka mkufunzi alipowaomba wasogee mbele, wakasogea safu moja.

Mkufunzi alikuwa binti wa miaka kama ishirini na saba, viatu bapa, nywele kazibana kama mtu mwenye haraka. Alishika maikrofoni ingawa ukumbi ungeweza kujazwa kwa kupiga chafya. Aliwagawia kila mmoja mkoba wa kitambaa: vitalu kumi vya mbao vya kuchezea, mpira, kioo kidogo, mwanasesere asiye na nguo, kitabu cha picha, na fomu. Fomu ndiyo ilikuwa moyo wa jambo. Ilikuwa na maswali kwa kila umri. Je, mtoto anaweza kupanga vitalu sita bila mnara kuanguka? Je, anaokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha pili yake? Je, akiombwa kuleta kitu, bila kuonyeshwa, analeta? Mbele ya kila swali palikuwa na visanduku vitatu: Ndiyo, Mara nyingine, Bado.

"Hilo la kuokota," Bi Makofi alinong'ona kwa jirani yake, "ndilo wanalofanya na uchafu wa kapeti. Kumbe ni somo."

Jirani yake alikuwa Mama Ghorofa, mlezi wa watoto kumi kwenye ghorofa ya tatu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene na filimbi shingoni.

"Kina mama," alisema mkufunzi, "naomba tuelewane mapema. Hatupimi akili. Huu si mtihani. Hakuna kufaulu na hakuna kufeli. Anayewekewa alama za Bado nyingi anapelekwa tu kwa wataalamu wamtazame mapema, kabla mambo hayajawa makubwa. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja!"

Wanawake thelathini na mmoja waliinama wakaandika kwenye madaftari yao: Hakuna kufeli. Na kila mmoja akaelewa kwa njia yake kwamba mtoto wake yeye hatafeli.

Siku ya tatu walirudishwa makwao wakafanye mazoezi kwa wiki mbili, kila mmoja alete fomu kumi. Yaliyotokea katika wiki hizo mbili mtaa unayakumbuka. Mama Ghorofa alianzisha kambi. Saa mbili asubuhi filimbi, vitalu. Saa tatu filimbi, kuruka kwa mguu mmoja. Saa nne kuokota punje. Wazazi walianza kulalamika kwamba watoto nyumbani wanapanga kila kitu, vikombe, viatu, sabuni, kisha wanasimama kando kusubiri kupongezwa.

Bi Makofi hakufanya kambi. Aliona ni udanganyifu, na alilisema hilo waziwazi kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Yeye alisaidia tu, kidogo. Mtoto akikwama kwenye kitalu cha tano, kidole chake kinashika mnara kwa chini, hakionekani. Akimwomba mtoto kiatu, jicho lake linakitazama kiatu, kidevu kinakielekea, na mkono unakwenda nusu ya safari. Hakujua kama anafanya hivyo. Ni miaka ishirini na miwili. Mikono ilikuwa inajiendea yenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Hakimu alileta kiatu mara moja. Ndiyo. Akaleta na mpira. Ndiyo. Bi Makofi aliandika kwa kalamu ya bluu, akabonyeza hasa.

Walipokutana tena ukumbini, mkufunzi alizipitia fomu wakati wao wanakunywa chai. Biskuti zilipoisha alisimama, na safari hii hakushika maikrofoni.

"Kina mama. Hapa nina watoto mia tatu na kumi. Wote ni kamili. Mimi nimesoma miaka minne na sijawahi kukutana na hata mmoja."

"Hukuwa umefika mtaani kwetu, mwalimu," alisema Mama Ghorofa, na ukumbi ukacheka.

"Sawa. Hii ni ya kwako. Mtoto wa miezi saba, anapanda ngazi?"

"Anapanda."

"Peke yake?"

"Nikimshika."

"Unamshika wapi?"

Mama Ghorofa alifikiri kwa uaminifu. "Kote," alisema.

Hata feni iliyokuwa inafikiria ilionekana kama inataka kucheka. Mkufunzi alisubiri wamalize, kisha akasema atapita nyumba kwa nyumba, amtazame kila mlezi akimtazama mtoto. Bi Makofi alirudi nyumbani akiwaonea huruma wenzake.

Mkufunzi alifika kwake Alhamisi, saa tatu unusu asubuhi. Alivuka geti, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitatu, magoti yakamfikia masikioni. Watoto walikuja kumnusa. Mwenyekiti alimuuliza amekuja kufanya nini na atakaa kwa muda gani.

"Nichagulie mtoto yeyote, mama," alisema mkufunzi.

Bi Makofi hakusita. Kwa mgeni unatoa sahani nzuri. "Mjukuu wangu," alisema. "Mtulivu, na mtiifu kama askari. Tazama."

Alipiga makofi yake mawili, mguu ukashuka, mbao zikadunda. Hakimu aligeuka. Bi Makofi akamwomba kiatu, na kiatu kikaja. Akamwomba mpira, na mpira ukaja. Alimgeukia mkufunzi kwa uso wa mtu anayesubiri risiti.

"Vizuri sana," alisema mkufunzi. "Sasa rudia hivyohivyo, mama. Ila mikono uikalie."

"Niikalie?"

"Iweke chini ya mapaja. Na mguu usipige sakafu. Mimi nitakuzibia mdomo kwa hili faili, asiuone ukicheza. Macho unitazame mimi."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumziba Bi Makofi mdomo ndani ya nyumba yake. Marehemu mumewe aliwaza tu. Lakini mgeni ni mgeni, na cheti ni cheti. Alikaa kwenye benchi, akaingiza viganja chini ya mapaja yake mazito, akamtazama mkufunzi machoni.

"Mletee bibi kiatu," alisema nyuma ya faili.

Hakimu alilitazama faili.

"Mletee bibi kiatu, mama."

Hakimu aliendelea kulitazama faili, kwa makini, kama shahidi mpya aliyeletwa bila taarifa.

"Kiatu!" Bi Makofi aliongeza sauti kiasi kwamba ng'ambo ya barabara cherehani ilisimama. Watoto kumi walikimbilia viatu. Hakimu aliona faili lina picha ya mtoto anayecheka, akanyoosha kidole kuigusa.

Hapo Mwenyekiti aliinuka. Alikuwa amevumilia vya kutosha. Alikuja akiburuta miguu, akashusha pumzi kama mtu mzima anayerudia jambo kwa mara ya mia.

"Bibi, sio hivyo," alisema. "Hakimu unamgusa kwanza."

Akamgusa bega. Hakimu akageuka. Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye kiatu, kisha kwa bibi. Hakimu akaleta kiatu.

"Nani kakufundisha?" aliuliza Bi Makofi.

"Hakuna."

"Sasa umejuaje?"

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Sisi wote tunajua. Ukimwita hivihivi haji." Na wenzake, kila mmoja na kiatu kisichokuwa chake mkononi, wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo.

Mkufunzi hakuandika kitu. Aliliweka faili chini.

"Mama, mimi sisemi ana nini," alisema taratibu. "Wala fomu haisemi. Fomu inasema tu apelekwe kwa anayejua kupima masikio. Na kwa umri wake, kila mwezi ni mali."

Bi Makofi alikuwa bado ameikalia mikono. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Sakafu," alisema.

"Nini, mama?"

"Anageukia sakafu. Si makofi."

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, wakaona wamemaliza. Hawakusema mganga afanye nini akishajua. Mchana, watoto walipolala, Bi Makofi alimchukua Hakimu akaenda naye jikoni, ambako chini ni saruji tupu. Alimpa sufuria mbili achezee. Alisimama nyuma yake akapiga makofi, bila mguu. Hakimu alifunika sufuria. Alipiga tena. Hakimu alifunua. Alipiga mara nne, kama mtu anayeuliza bei ileile duka lilelile akitumaini muuzaji amebadilika. Kisha akatoa fomu mpya mkobani, akaketi, akafungua kalamu, akaikalia fomu yenyewe kwa nusu saa.

Mama Ghorofa alimkuta hapo. Naye alikuwa ametembelewa asubuhi hiyo, na filimbi yake ilikuwa imechukuliwa kwa upole.

"Andika Ndiyo, mwenzangu," alisema baada ya kuelezwa. "Mpeleke hospitali kimyakimya, nani kakukataza? Lakini karatasi inabaki. Wazazi wakisikia, watasema miaka ishirini na miwili huyu alikuwa anatazama nini?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Usijiulize kwa maandishi."

Lilikuwa shauri zuri, na Bi Makofi alilipima. Bila alama kwenye fomu hakuna barua ya rufaa. Bila barua, foleni ya wanaojitokeza tu ilikuwa ya mwakani. Na nyumba yake ilijaa watoto kwa sababu ya jina lake tu, maana rangi ya kuta ilishakimbia. Aliandika Bado. Akaandika tena Bado, na tena, mara tano mfululizo kushuka chini, kwa kalamu ileile ya bluu. Mama Ghorofa aligeuza uso kama anayeona mtu akidungwa sindano.

Ikabaki sehemu ya sahihi ya mzazi.

Binti alikuja kumchukua mtoto saa kumi na moja jioni kama kawaida, alama za vidude vya simu bado zimemchora juu ya masikio. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akatumia ile sauti ya kazini, tamu na isiyo na mlango.

"Asante, mama. Maoni yako yamepokelewa."

"Mimi si mteja wako."

"Mtoto wangu anasikia. Jana nimefungua mlango, kakimbia kuja!"

"Uliwasha taa?"

"Wewe mwenyewe ulisema mtatafuta kifuniko. Mwaka mzima nawajibu watu kwa maneno yako! Leo katoto ka chuo kamekuja na faili, maneno yamebadilika?"

"Yamebadilika."

"Kirahisi hivyo?"

"Si kirahisi. Njoo jikoni."

Hakimu alikuwa amekaa kwenye saruji, mgongo kwao, akimvisha mwanasesere wa serikali soksi. Bi Makofi alimsimamisha bintiye mlangoni. "Mwite. Usimguse, usitembee. Mwite tu."

Binti alimwita kwa lile jina la nyumbani. Soksi iliendelea kupanda. Alimwita tena. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kazini, ile inayowatuliza wateja waliokatiwa huduma, na huko sebuleni Mwenyekiti, ambaye wazazi wake huchelewa, aliitikia, "Naam?" Soksi ilifika gotini. Hakimu aliitazama kazi yake, akaridhika.

Binti aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa poti, ile ya nyota. Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Sikujua."

"Wewe?"

"Mimi."

"Unawalea kumi na wawili, mama. Unajua nani kakohoa ukiwa bafuni."

"Huyu nilikuwa namsaidia," alisema Bi Makofi. "Nilimsaidia mpaka nisimwone." Akampa kalamu.

Binti alisaini akiwa amekaa palepale. Sahihi ilikwenda mshazari. Hakimu aligeuka kwa sababu zake mwenyewe, akamwona mama yake kwenye poti, akampigia makofi, kama anavyopigiwa yeye.

Miadi ilipatikana baada ya majuma matatu, saa tano asubuhi, siku ileile ya kugawa vyeti, kwa kuwa karatasi zote za ofisini zina desturi ya kukutania kwa mtu mmoja. Binti alisema atakwenda peke yake. Bi Makofi alisema vyeti vinagawiwa saa tatu, na hospitali iko mtaa wa pili kutoka ukumbini, watapitia.

Mgeni rasmi aliyetakiwa saa tatu alifika saa nne na dakika ishirini. Alikuwa bwana mpana mwenye suti, aliyeanza kwa kusema hatasema mengi. Alisema mengi. Alisema watoto ni taifa la kesho, kisha akalifafanua neno kesho. Bi Makofi alikuwa safu ya mbele, mkoba mapajani. Nyuma, mlangoni, binti yake alisimama na Hakimu mkononi na barua ya rufaa ndani ya bahasha, akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Ndipo mkufunzi akatangaza kwamba mshiriki bora wa kozi ni mlezi ambaye, katika fomu mia tatu na kumi za kwanza na zote zilizofuata, alikuwa wa kwanza kuandika Bado. Na ingawa hakutaja aliandika kwa ajili ya nani, Mama Ghorofa alikwisha kuusaidia ukumbi kwa hilo. Wazazi wawili walikuwa wamewahamisha watoto wao kutoka kwa Bi Makofi juma lile habari ilipovuma. Mmoja alimrudisha baada ya siku nne, pamoja na mdogo wake.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mlangoni, Hakimu hakugeuka. Alikuwa anaitazama ile feni inayofikiria.

Bi Makofi alipanda jukwaani na goti lake, akapokea cheti kwa mikono miwili. Mgeni rasmi alimzuia asishuke, akamgeuza upande wa mpiga picha, akamsogezea maikrofoni.

"Mama yetu huyu," alisema, "baada ya miaka ishirini na miwili ya kulijenga taifa, kozi hii ya kihistoria imempa elimu mpya! Mama, hebu waambie wenzako, na waambie wote wasiokuwepo hapa: umejifunza nini?"

Bi Makofi alitazama saa ya ukutani.

"Kukalia mikono," alisema. "Nipishe, mheshimiwa, tuna miadi saa tano."